Swali na Jibu: Dada wa Kazi, Sahani Yenye Alama na Mkufu Uliopotea

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeajiriwa, na nyumbani nina dada wa kazi, huu ni mwaka wake wa pili. Binti yangu mkubwa yuko sekondari. Walipewa kazi ya kutunga hadithi, naye akatunga kuhusu msichana wa kazi anayekula jikoni peke yake wenzake wakishamaliza, kwenye sahani iliyopakwa rangi ya kucha kwa chini ili isichanganyike na za wenye nyumba. Nikamuuliza huyo mama mkatili amemtoa wapi. Aliniangalia tu, hakujibu. Sheikh, sahani hiyo ipo jikoni kwangu, na rangi ile ni yangu.

Tangu siku hiyo sina raha, naona bora nikueleze yote. Mwezi uliopita alivunja sahani sita za seti niliyozawadiwa, nikamkata mshahara. Nusu ya mshahara wake huwa nampa mjomba wake aliyemleta, na nusu namwekea mimi ili asitumie ovyo. Kabla ya hapo mkufu wangu ulipotea, nikalimwaga begi lake sebuleni mbele ya watoto. Baada ya siku mbili nikaukuta mkufu kwenye pochi yangu. Sikumwambia kitu, niliona nitajishusha. Rafiki zangu wananiambia nisimzoee, atakuja kunichukulia mume, na mmoja akanikumbusha kuwa hata Mwana Kupona alimuusia bintiye asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Sasa mjomba anataka kumleta na mdogo wake wa miaka 12 aje kusaidia kulea. Je, nina dhambi? Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu katika imani.

Usimkemee binti yako. Alichokiandika ni nasaha, nayo imekufikia wakati bado una nafasi, maana uliyemkosea yuko chini ya paa lako, hatua chache tu kutoka chumbani kwako. Wapo watu wanaokuja kwangu wakilia kwa ajili ya msichana aliyeondoka nyumbani kwao miaka 20 iliyopita, na hawajui hata pa kuanzia kumtafuta.

Nitaanza na neno ulilolitumia wewe mwenyewe: dada. Kiswahili kina majina mengi ya mtu huyu. Tunasema hausigeli, yaya, mtumishi, binti wa kazi. Lakini wengi wetu siku hizi tunasema dada, na watoto wetu wanakua wakimwita hivyo. Sidhani kama tulipolichagua neno hili tulifikiria dini, ila limeangukia pale pale alipoligusa Mtume (S.A.W.).

Mtu mmoja aitwaye Al-Ma'rur bin Suwayd alimkuta Abu Dharr (R.A.), sahaba wa Mtume, mahali paitwapo Rabadha, amevaa vazi jema, na mtumwa wake amevaa vazi kama lile lile. Akamuuliza, kulikoni? Abu Dharr akamsimulia kwamba siku moja aligombana na mtu, akamtukana kwa kumtaja mama yake. Mtume (S.A.W.) aliposikia akamwambia, "Wewe ni mtu ambaye ndani yako bado kuna ujahiliya," yaani tabia za zama za kabla ya Uislamu. Kisha akasema maneno waliyoyapokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, yaani kauli na matendo ya Mtume: hao ni ndugu zenu, ndio wanaowatumikia, Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yenu. Basi ambaye ndugu yake yuko chini ya mkono wake, amlishe anachokula yeye, amvishe anachovaa yeye, wala msiwabebeshe kazi inayowashinda; na mkiwabebesha, wasaidieni.

Wachambuzi wa hadithi hii wameona jambo katika mpangilio wake. Kwa kawaida ya usemi ungetarajia aseme "watumishi wenu ni ndugu zenu". Mtume (S.A.W.) alitanguliza ndugu, akafuatisha mtumishi. Undugu ndio msingi, utumishi umekuja juu yake. Nasi tunapomwita mtu dada kisha tukamfanyia tusichoweza kumfanyia dada yetu, kila siku tunatamka kwa ulimi jambo ambalo mikono yetu inalikanusha.

Na kumbuka kwamba maneno yale yaliwahusu watumwa, watu waliokuwa wakimilikiwa. Aliyeko jikoni kwako ni muungwana. Hukumnunua, mmepatana naye kazi kwa ujira. Haki zote za mtumwa zilizotajwa hapo anazo, na juu yake anazo haki za mtu huru mwenye mkataba.

Hapo ndipo lilipo jibu la rafiki yako pia. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni hazina yetu, nami naupenda. Ni mama aliye mgonjwa anamwachia binti yake wosia, na ndani yake mna adabu na dua ambazo hazijachakaa hadi leo. Lakini ubeti ule ulitungwa katika zama ambapo nyumba za waungwana ziliendeshwa na watumwa, na unasema lugha ya zama zake na ya tabaka lake. Utendi si Aya wala si Hadithi. Ubeti ukigongana na kauli ya Mtume wetu, tunauheshimu kama kumbukumbu ya wazee na tunafuata kauli ya Mtume. Ningefurahi kama huyo rafiki yako angekukumbusha hadithi ya Abu Dharr kwa wepesi ule ule aliokukumbushia ubeti.

Sasa tuje kwenye sahani. Abu Hurayra (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisema: mmoja wenu akiletewa chakula na mtumishi wake, basi kama hatamketisha ale naye, ampe japo tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyehangaika na joto lake na matayarisho yake. Iko kwa Bukhari na Muslim. Mimi kila nikiisoma nasimama kwenye neno joto. Sisi tunaoketi mezani tunakiona chakula kikiwa kimeshatua. Mtume aliutazama moto uliokipika, na uso wa aliyesimama mbele ya moto huo, na harufu iliyompita puani saa nzima kabla hajaonja. Haki ya tonge lile ameijengea hoja kwenye jasho la mpishi.

Wanazuoni wengi wamesema kumketisha pamoja nanyi ni jambo lililopendekezwa, si faradhi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kula kwake peke yake ni dhambi kwa kila hali. Wapo wasichana wanaopenda kula peke yao, hiyo ndiyo dakika yao pekee ya kukaa mbali na macho ya wenye nyumba. Muulize anapenda nini, na umuulize kwa namna itakayompa ujasiri wa kujibu kweli. Lakini kula masazo tu, baada ya wote kushiba, kwenye sahani iliyotengwa, hilo halihitaji fatwa. Anayeosha sahani zote za nyumba ni yeye. Anayekanda, anayekata, anayeonja chumvi ni yeye. Mwanao mdogo analishwa kwa vidole vya dada huyo huyo. Ile rangi ya kucha inamkinga nani na nini? Ifute leo. Rangi ya kucha ina dawa yake ya kuitoa, unaijua kuliko mimi.

Kuhusu sahani sita zilizovunjika, nitarefusha kidogo, kwa sababu watu wengi wanalifanya hili na wanadhani ni haki yao.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kisa kilichopokewa na Bukhari. Mtume (S.A.W.) alikuwa kwa mmoja wa wake zake, na mke mwingine akamtuma mtumishi alete bakuli la chakula. Yule mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kuvunjika. Hebu fikiria mtumishi yule amesimama, chakula kimetapakaa chini, na aliyekuwa amelishika ni yeye. Katika nyumba zetu ngapi yeye ndiye angepokea maneno? Mtume (S.A.W.) aliinama akakusanya vipande vya bakuli, akakusanya na chakula, huku akisema, "Mama yenu ameona wivu." Kisha akamzuia mtumishi asiondoke kwanza, mpaka likaletwa bakuli zima kutoka kwa yule aliyevunja, akampa alirudishe lilikotoka. Lile lililovunjika likabaki kwenye nyumba lilimovunjikia. Mtumishi hakulaumiwa wala hakurudi mikono mitupu kwenda kujieleza kwa bibi aliyemtuma.

Kifiqhi, yaani katika elimu ya sheria za dini, dada wako wa kazi anaitwa ajiri maalumu, yaani mtu aliyekodiwa muda wake akufanyie kazi wewe peke yako. Kauli ya wanazuoni walio wengi ni kwamba mkono wa mtu huyu juu ya mali yako ni mkono wa amana. Kikiharibika kitu mikononi mwake akiwa anafanya kazi uliyompa, kwa namna ya kawaida, hadaiwi. Anadaiwa pale tu alipovuka mpaka kwa makusudi au alipofanya uzembe ulio wazi. Anayeosha vyombo kila siku atavunja chombo. Wewe ungeviosha ungevunja pia, na usingejikata mshahara. Hata pale ambapo uzembe upo kweli, si haki yako kuwa mdai, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja, ukakata unachotaka kwenye ujira ambao tayari ni mali yake. Hivyo kile ulichokikata ni deni juu yako. Kirudishe kamili, na umwambie ni cha sahani zile, asije akadhani ni hisani.

Najua seti ile ilikuwa zawadi na iliuma. Maumivu hayo ni yako na yana thawabu ukisubiri.

Sasa mshahara wenyewe. Katika Suratul Qasas, Musa (A.S.) akiwa mgeni mkimbizi, binti mmoja alimwambia baba yake: muajiri huyu, kwani mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu na mwaminifu. Aya hii tunaijua vizuri tunapotafuta mfanyakazi, na tunapenda kumsomea. Aya inayofuata, ya 27, ni yetu sisi waajiri, na sijasikia ikisomwa sana. Mzee yule akamtajia Musa muda, miaka minane, na ukitimiza kumi ni kwa hiari yako. Malipo yakajulikana pia. Kisha akasema: wala sitaki kukutia taabuni, utanikuta, Mwenyezi Mungu akipenda, miongoni mwa watu wema. Huyo ni tajiri anamwahidi mfanyakazi, siku ya kwanza, kwamba hatamtesa. Je, siku ile dada wako alipofika na begi lake, kuna aliyemwambia neno la namna hiyo? Au alitajiwa orodha ya kazi tu, na malipo akayajadili mjomba?

Ujira ni wa aliyefanya kazi. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, Aya ya 32, wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Mjomba hakudeki nyumba yako. Kama dada mwenyewe, kwa utashi wake, anataka sehemu ya fedha zake zipelekwe kwao, mpe mkononi kwanza, kisha atume mwenyewe, au akuagize wewe waziwazi. Kumpa mjomba bila idhini yake hakukuondolei deni. Na kama mjomba alitaka ada ya kumleta, hiyo ni juu yako wewe uliyemhitaji, isitoke kwenye jasho la binti.

Hiyo nusu "unayomwekea" ina sura mbili. Ikiwa aliomba umhifadhie, na siku yoyote akitaka anapewa bila kuhojiwa, hiyo ni amana na una thawabu. Ikiwa hakuomba, au anaogopa kuidai, basi ni mshahara uliozuiwa, na Mtume (S.A.W.) amesema kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Sababu uliyoitaja, asitumie ovyo, haisimami. Ni mtu mzima, mali ni yake, na wewe hukuwekwa kuwa msimamizi wa mali yake. Katika hadithi qudsi iliyo kwa Bukhari, yaani hadithi ambayo Mtume anasimulia kauli ya Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu anasema kuna watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuajiri mfanyakazi, akapata kwake kazi kamili, asimpe ujira wake. Mfanyakazi wa ndani mara nyingi hana chama, hana karani wa kumsajili, hana hata karatasi. Ndiyo maana natetemeka nikisoma ni nani aliyejitolea kuwa mdai kwa niaba yake.

Ukitaka picha ya kinyume chake, ikumbuke ile hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa jema alilolifanya. Wa tatu wao aliomba kwa jambo moja: aliajiri vibarua, akawalipa, mmoja akaondoka bila kuchukua ujira wake. Akauzalisha ujira ule mpaka ukawa mali nyingi na mifugo. Siku mwenyewe aliporudi kuudai, akaambiwa, yote unayoyaona ni ya ujira wako. Akadhani anafanyiwa mzaha. Akayachukua yote asibakishe kitu, na jabali likafunguka. Kuweka mshahara wa mtu kukoje, ndiko huko.

Nimekaa sana kwenye mali, na jambo zito kuliko yote uliyoniandikia ni mkufu.

Ulilimwaga begi lake sebuleni. Nimejaribu kuliona begi lile. Mtu anayeishi nyumbani kwa watu hana kabati, hana mlango wenye ufunguo, pengine godoro lake liko chumba cha watoto. Begi ndiyo nyumba yake. Humo mna nguo zake za ndani, mna picha ya mama yake, labda mna barua. Ukavimwaga vyote mbele ya watoto wanaomwita dada. Na mkufu ulipopatikana, hukusema neno, kwa hiyo mpaka leo katika akili za watoto wako huenda yeye bado ni mwizi ambaye hajashikwa tu.

Hii ni dhuluma ya heshima, na toba ya baina yako na Mola wako peke yake haitoshi. Mtume (S.A.W.) amesema, kama ilivyo kwa Bukhari, mwenye dhuluma juu ya ndugu yake, ya heshima yake au ya kitu chochote, basi aombe ahalalishiwe leo, kabla haijafika siku ambayo haitakuwapo dinari wala dirhamu, siku hiyo kitachukuliwa katika mema yake kwa kadiri ya dhuluma yake, na kama hana mema atabebeshwa maovu ya aliyemdhulumu. Ulisema uliona utajishusha. Naam, utashuka. Shuka sasa. Waite watoto wale wale, sebule ile ile, useme: mkufu niliukuta kwenye pochi yangu mwenyewe, dada yenu hakuchukua kitu, nilimdhania vibaya na nilimvunjia heshima, naomba anisamehe. Wala usimlazimishe akusamehe pale pale. Msamaha ni mali yake, atautoa akipenda.

Kuna hadithi nyingi za kutunga, tamthilia na vichekesho ambamo msichana wa kazi ana sura tatu tu: mwizi, kichekesho, au mnyang'anyi wa mume wa watu. Tunazitazama jioni na yeye amesimama mlangoni na sinia, anasikia tunavyocheka. Kisha tunashangaa kwa nini mkufu ukipotea mikono yetu inakwenda kwenye begi lake yenyewe. Binti yako ametunga hadithi ambayo msichana huyo ni mtu kamili mwenye njaa na aibu. Ni jambo kubwa kwa umri wake.

Na Kurani, katika simulizi iliyoiita yenyewe nzuri kuliko zote, imetupa mtumishi wa ndani ambaye ni Nabii. Yusuf (A.S.) aliingia nyumba ile ya Misri akiwa amenunuliwa, na bwana wa nyumba akamwambia mkewe, "Mtengenezee makazi ya heshima." Kisha likatokea lililotokea: mke yule akamtaka, Yusuf akakimbia, na kanzu yake ikachanika. Tazama Mwenyezi Mungu alivyomtaja yule mwanamke katika Aya ya 23: hakumtaja kwa jina, alisema "yule ambaye Yusuf alikuwa nyumbani mwake", akaifungafunga milango. Maneno yale yanatuonyesha nguvu ilikuwa wapi. Nyumba ilikuwa yake, na milango na funguo zake vilikuwa mkononi mwake. Aliyesingiziwa na hatimaye kufungwa jela ni mtumishi. Na alipatikana shahidi mwadilifu kutoka watu wa nyumba ile ile, akasema itazameni kanzu kwanza, imechanwa mbele au nyuma? Ushahidi kabla ya hukumu. Kwa mkufu wako, kanzu ilikuwa ni ile pochi ambayo hukuitazama.

Basi wanapokuambia "atakuchukulia mume", wanaweka hatari upande usio na nguvu. Ni kweli sheria imekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa, na dada wa kazi si maharimu wa mumeo wala wa mwanao aliyebaleghe. Huo ni wajibu wa kuutekeleza: alale mahali penye mlango unaofungwa kwa ndani, wasiachwe wawili peke yao nyumbani, mumeo na kijana wako wabishe hodi na wajizuie macho yao. Lakini nakuomba, dada yangu, ulitekeleze hilo kwanza kwa ajili ya kumlinda yeye. Yeye ndiye asiye na pa kukimbilia usiku wa manane. Na ikitokea siku akakuambia ameguswa, usimwambie alitaka mwenyewe. Itazame kanzu.

Kuhusu mtoto wa miaka 12, jibu ni fupi. Usimpokee kazini. Uthman bin Affan (R.A.), khalifa wa tatu, katika khutba iliyo ndani ya Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, alikataza watu wasimbebeshe mtoto mdogo jukumu la kuchuma, kwani asipopata ataiba. Mtoto huyo ana haki ya kusoma kama binti yako anayetunga hadithi. Kama unataka kheri kwa familia ile, saidia ada yake akiwa kwao.

Hukuniuliza kuhusu mapumziko, lakini nimeona kwenye maelezo yako hakuna siku hata moja uliyosema hayupo. Mimi mwenyewe nimelelewa na dada wa kazi. Ndiye aliyekuwa akiniamsha kwa sala ya Alfajiri, maji ya kutawadha ameshayaweka. Nilikuwa mtu mzima tayari, nafundisha watu nguzo za sala, ndipo siku moja nikajiuliza: yeye alikuwa akisali saa ngapi? Nguo mbichi mikononi, mtoto mgongoni, nani alimwambia acha hiyo kazi kasali? Wanafiqhi wamesema nyakati za sala zimo nje ya mkataba wa ajira hata zisipotajwa. Ni zake, huzinunui. Nasi tulizichukua, na nimekuwa nikimwombea dua tangu hapo.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Umetaja mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, umetaja haki ya mfanyakazi kukaa na hati zake mwenyewe za kusafiria na za utambulisho, na kwamba halazimiki kubaki ndani ya nyumba wakati wa mapumziko yake. Shirika hilo linakadiria wafanyakazi hawa kuwa zaidi ya milioni 75 duniani, na takriban robo tatu ni wanawake. Nchi nyingi hazijauridhia. Muumini hana haja ya kungoja nchi yake iuridhie. "Mkiwabebesha, wasaidieni" imekuwapo muda wote huu. Mpe siku yake. Kama kazi ya siku hiyo inakulemea, utajua inavyomlemea yeye siku sita. Fatima (R.A.), binti wa Mtume, mikono yake iliota alama kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Kazi za ndani ni nzito, yeyote asikudanganye kuwa ni kukaa nyumbani tu.

Umeuliza kama una dhambi. Ndiyo, katika mkufu, katika makato, na katika mshahara uliozuiwa pasipo idhini yake. Na mlango wa toba uko wazi, tena kwako umewekwa karibu sana. Anza na mkufu kabla ya fedha. Ukianza na fedha ataona unamnunua anyamaze. Fedha zihesabu naye mkiwa mmekaa wawili, tangu mwezi wa kwanza, uandike, na umpe nakala. Kisha muulize kitu ambacho labda hujamuuliza kwa mwaka mzima na zaidi: mama yake hajambo?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.